Anasaidiwa au Anatumikishwa?

Pita Kondele, Kisumu, saa nne asubuhi siku ya shule. Dukani utamkuta msichana wa miaka 13 hivi, mtoto wa shangazi yake mgongoni, noti ya mia mkononi, anangoja unga. Kila mtu kwenye ploti anamjua. Aliletwa na shangazi huyo kutoka Vihiga, akaahidiwa kusomeshwa. Muhula mzima umeisha na sare haijanunuliwa.

Wanaomtetea shangazi wana hoja nzito. Huku magharibi mwa Kenya, wengi waliofika chuo walilelewa na jamaa Kisumu au Nakuru, wakichota maji na kuosha vyombo kabla ya kwenda darasani. Isitoshe, kwao msichana huyu huenda chakula ni mara moja kwa siku. Hata sheria haikatazi kila kazi: Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi, mradi isimdhuru wala isimzuie kwenda shule.

Sharti hilo la shule ndilo linaloangusha utetezi mwingi. Aliyeosha vyombo kisha akaenda darasani alisaidiwa kweli. Anayeshinda na mtoto ili mwenye nyumba aende kazini ni yaya, tena asiyelipwa, au ambaye mshahara wake unaingia M-Pesa ya mtu mwingine. Undugu haubadilishi chochote hapo. Kwa maoni yangu unazidi kuficha, kwa sababu jirani huona haya kuingilia mambo ya familia ya watu. Vijana wanaoosha mchanga wa dhahabu Migori angalau wanaonekana, tope mwili mzima. Kazi ya huyu imefichwa ndani ya nyumba.

Usitegemee alama za kipigo. Ukimuuliza atasema yuko sawa, ila kwanza atamtazama shangazi. Angalia mengine: hulala saa ngapi, na wapi? Akizungumza na mamake kwa simu, nani ameketi kando? Akitaka kurudi kwao kesho, nauli iko kwa nani? Na "alikubali mwenyewe" si jibu. Chini ya sheria ya 2010 ya kupambana na ulanguzi wa binadamu, kumchukua mtoto na kumhamisha ili atumikishwe kunatosha kuwa kosa, hata kama hakulazimishwa wala kudanganywa.

Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Hapo majirani hunyamaza, nami nawaelewa. Nani anataka kumpeleka mama wa ploti yake jela? Na msichana akirudishwa kwenye ufukara uleule, hatachukuliwa na mwingine, safari hii apelekwe kwenye baa? Hofu hiyo ni ya kweli, lakini kwangu ni sababu ya kupiga 116 mapema, simu ya bure ya watoto, wakati afisa wa watoto bado anaweza kuketi na familia na kumtafutia shule.

Shangazi naye atauliza: nikienda kuuza mboga soko la Kibuye, nani atabaki na mtoto? Ana haki ya kuuliza, maana hana pesa za kumlipa yaya mtu mzima. Serikali ya kaunti ingeweza kumjibu kwa kuweka kituo cha kulelea watoto karibu na soko, kwa ada ambayo muuza mboga anaimudu. Lakini wakati kituo hicho kinangojwa, msichana wa miaka 13 hapaswi kuendelea kulipa kwa masomo yake.