Simu ya anayeuguza

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa hospitali, tunasema amerudi kwa ukoo. Kumbe anayeamka usiku kumgeuza asitoke vidonda, anayemnywesha uji taratibu asije akapaliwa, ni mtu mmoja tu, mara nyingi binti au mkamwana. Ndiye anayelengwa na huduma za ushauri nasaha kwa simu: programu, meseji, mazungumzo ya WhatsApp.

Haja ipo. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta Dar es Salaam wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Na kila mmoja wao akipona nusu, kuna mtu nyuma yake ambaye hakuna anayempima presha.

Wanaoitetea simu hutaja umbali na nauli. Mimi naona hoja yao nzito zaidi ni chumba chenyewe. Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu kauli kikamwachia masikio. Mshauri akija nyumbani, mkamwana ataongea nini na baba mkwe yuko palepale kitandani, anamtazama? Atajibu, "Tunamshukuru Mungu." Lakini akiwa jikoni anasubiri maharage yaive, kwa meseji anaweza kukiri kwamba jana alimfokea mzee, na kwamba kuna usiku aliomba yaishe tu. Maneno hayo hayatamkiki mbele ya wakwe.

Shida ni kwamba meseji hiyo inabaki kwenye simu ambayo mume huichukua jioni kutuma pesa. Na mwenye kitochi, au aliyeishiwa bando, huyo hata hatukumhesabu.

Kinachonitia shaka zaidi ni huduma inayogeuka kuwa kazi nyingine: tazama video hii, jaza dodoso lile. Nchini India, jaribio kubwa lililotoa matokeo 2017 lilifundisha familia kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita, hali za wagonjwa hazikuwa bora kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida. Halikuwa jaribio la ushauri nasaha, lakini linatuonya tusidhani kwamba mafunzo yakishamfikia ndugu, mambo yamekwisha.

Harare walianza kwingine. Akina bibi wa mitaani walifundishwa kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati, na matokeo ya 2016 yalionyesha dalili za sonona zikipungua. Pale aliyeleta nafuu ni mtu mwenye jina na muda. Simu inaweza kuibeba sauti ya bibi kama huyo, sawa, ila nusu saa ya kuzungumza naye inataka mtu wa kukaa na mzee nusu saa hiyo.

Kwa hiyo huduma ningeipima kwa meseji yake ya kwanza. Kama imekwenda kwa mkamwana kumuuliza anajisikiaje, bado. Ningependa iende kwa shemeji yake: "Jumamosi saa kumi jioni ni zamu yako kwa mzee. Jibu NDIYO."