Medali ya Simbu na Furaha ya Sisi Tuliolala

Tarehe 15 Septemba 2025, wakati jua lilikuwa limekwisha kupanda Tokyo na huku kwetu bado ni usiku, mkimbiaji wetu wa marathoni, Alphonce Felix Simbu, aliingia katika Uwanja wa Taifa wa Japani akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, akamfikia katika hatua za mwisho kabisa, na wote wawili wakaandikiwa muda uleule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyoamua kwamba Simbu alikuwa mbele kwa sekunde 0.03. Kwa tofauti hiyo, ambayo jicho la kawaida haliwezi kuikamata, Tanzania ilipata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, na wengi wa Watanzania waliipata wakiwa usingizini. Tuliamka, tukakuta habari kwenye simu na redioni, tukashangilia.

Kushangilia huko baada ya kuamka ndiko kunakonishughulisha, kwa sababu kunalivunja nguvu jibu ambalo hutolewa upesi kila swali la furaha ya washabiki linapoulizwa. Husemwa kwamba mshabiki hufurahia msisimko, yaani roho inayomkaa juujuu hadi dakika za nyongeza, kisha ikashushwa na filimbi ya mwisho. Sikatai kwamba msisimko una utamu wake, lakini mtu aliyeanza kwa kusoma matokeo hakuwa na roho juu hata kwa dakika moja, na bado alijikuta akitabasamu peke yake huku akitafuta mswaki. Wala hakuna faida yoyote iliyomfikia. Fedha za zawadi ni za Simbu, maumivu ya miguu yalikuwa ya Simbu, na Simbu hamjui huyo anayetabasamu.

Jibu la pili, lenye uzito kidogo, ni lile la fahari. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha vyuo vikuu saba vya Marekani, wakaonyesha kwamba siku ya Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa mavazi yenye jina au nembo ya chuo chao kuliko Jumatatu iliyofuata kushindwa. Kwa heshima zote kwa wanazuoni hao, mtu aliyewahi kupanda daladala jijini Dar es Salaam asubuhi ya baada ya mechi ya Simba na Yanga alikuwa akiyajua hayo bila kusomea. Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1 siku ya Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023, hakuna aliyehitaji kuuliza matokeo kesho yake. Ilitosha kutazama ni nani amevaa jezi na ni nani amekumbuka ghafla kwamba shati la kazini linapendeza zaidi.

Hata hivyo, fahari ya namna hiyo inahitaji macho ya watu. Inaeleza kwa nini tunavaa jezi, lakini haielezi kwa nini moyo wa mtu aliye peke yake chumbani huruka. Upo utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1998, ambamo mate ya washabiki wachache wa Brazili na Italia yalipimwa kabla na baada ya fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1994, ile iliyoamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Homoni ya testosteroni ilipanda kwa Wabrazili na kushuka kwa Waitaliano, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyegusa mpira. Mwili, kwa hiyo, huupokea ushindi wa mtu mwingine kama kwamba ni wake. Hilo linathibitisha kuwa furaha hii si ya kuigiza, lakini linaturudisha palepale: mwili huo umejuaje kwamba huyu anayeshinda ni wa kwetu, na kwa nini haumwonei kijicho?

Swali la kijicho naliona zito kuliko yote. Katika maisha ya kila siku hatuna wepesi huo wa kufurahia mafanikio ya wenzetu. Jirani akipaua nyumba yake, tunampa hongera, kisha tunaanza kuulizana fedha amezitoa wapi. Mwenzetu wa ofisini akipandishwa cheo, mdomo unasema vizuri ilhali tumbo limekaza. Mwanasaikolojia Abraham Tesser alilieleza jambo hili katika miaka ya 1980 kwa namna ambayo hadi leo naiona ya haki: mafanikio ya mtu wa karibu hutuuma yanapotokea katika uwanja ambao sisi wenyewe hujipima nao, na hutupendeza yanapotokea katika uwanja usiotuhusu. Mimi sijipimi kwa kukimbia kilomita 42. Kukimbia kwangu kunaishia kwenye kuwahi basi, na hata hilo sijivunii.

Simbu, basi, yuko mahali panapofaa kabisa kwa mapenzi ya mshabiki. Yuko karibu kiasi cha kutosha, kwa kuwa ni mzaliwa wa Singida, anazungumza Kiswahili chetu na kifuani ana bendera yetu. Papo hapo yuko mbali kiasi cha kutosha, kwa kuwa anachokifanya hakuna hata mmoja wetu wa kawaida anayedhani angekifanya yeye kama si bahati mbaya. Dhahabu yake haimpunguzii mtu chochote. Ukitaka kuona upande wa pili wa jambo hili, wasikilize wachezaji wastaafu wanapochambua mpira redioni, uone jinsi baadhi yao wanavyoshindwa kumsifu kijana wa leo bila kuongeza neno "lakini" na kukumbusha viwanja vilivyokuwa vibovu enzi zao. Wao uwanja huo bado wanajipimia. Sisi tuliobaki tumesamehewa mzigo huo, na ndiyo maana naamini furaha ya ushabiki ni miongoni mwa furaha chache ambazo mtu mzima huzipata bila kwanza kupiga hesabu.

Ila kukosekana kwa wivu kunafungua mlango tu. Hakuelezi kwa nini ushindi mmoja hutufurahisha kidogo na mwingine hutuliza machozi. Hapo ndipo penye hoja yangu hasa: naona kwamba ukubwa wa furaha hautokani na ukubwa wa kombe, bali na urefu wa kungoja. Mshabiki hana anachotoa isipokuwa subira yake, na subira hiyo huitoa kidogo kidogo, kama mwanachama wa upatu anayechangia kila mwezi huku zamu zikienda kwa wengine. Siku zamu yake inapofika hupokea kwa mkupuo kile ambacho kwa kweli kilitoka mfukoni mwake mwenyewe. Tofauti ni kwamba kwenye upatu zamu inajulikana, na kwenye ushabiki mtu anaweza kuchangia hadi akazikwa.

Watanzania katika riadha wamechangia muda mrefu. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, na mbio zenyewe zilikuwa kali kiasi kwamba hata John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Dunia nzima ya riadha ikawa inausubiri mpambano wao katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Haukufanyika. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na Walker akaichukua dhahabu ya mita 1,500 bila Bayi kuwapo. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ninausimamia. Lakini mshabiki anaweza kuona jambo ni sahihi na bado likamuuma. Mwaka 1980 mjini Moscow Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Baada ya hapo wengi wetu tulilelewa kwa masimulizi. Tuliambiwa habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, mguu ukiwa umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, na tukafundishwa kumheshimu kwa kuwa hakuacha mbio. Ninamheshimu kweli. Lakini taifa likikaa miaka mingi likijivunia namna nzuri ya kushindwa, hufika mahali likawa na kiu ambayo halithubutu kuitaja. Ilipofika mwaka 2005 Christopher Isengwe alipata medali ya fedha ya marathoni katika Mashindano ya Dunia mjini Helsinki, na mwaka 2017 Simbu mwenyewe akapata shaba katika mashindano hayohayo mjini London. Dhahabu ilikuwa bado.

Hali ilikuwa hiyohiyo kwa Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya mpira wa miguu. Walicheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980, kisha hawakurudi hadi mwaka 2019, baada ya kuifunga Uganda 3 kwa 0 tarehe 24 Machi jijini Dar es Salaam. Wajuaji walikumbusha kwamba Uganda ilikuwa imekwisha kufuzu na haikuwa na cha kupigania. Hakuna aliyewasikiliza. Kule Misri timu ilipoteza mechi zote tatu za kundi lake, na hata hivyo sijakutana na mtu anayesema kwamba furaha ya Machi ilikuwa ya bure.

Mtu anaweza kunipinga kwa kunionyesha Kenya. Ikiwa kungoja ndiko kunakotia utamu, Wakenya wangekuwa wamekwisha kuchoshwa na dhahabu za riadha. Nadhani jibu lake linaonekana katika yaliyompata mkimbiaji wao Faith Kipyegon katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Tarehe 5 Agosti alimaliza wa pili katika mita 5,000 nyuma ya mwenzake Beatrice Chebet, akaondolewa kwa madai ya kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia, Kenya ikakata rufaa, na medali yake ya fedha ikarudishwa. Kwa saa chache hizo Wakenya waliishi kungoja kote ambako wengine huishi kwa miongo, na fedha ile ikashangiliwa kuliko dhahabu nyingi zilizopatikana kwa urahisi. Siku tano baadaye akashinda mita 1,500 kwa Olimpiki ya tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya. Waliomfuata tangu dhahabu ya Olimpiki ya Rio, wakamwona akiacha mbio kwa muda mwaka 2018 ili ajifungue kisha akarudi mbioni, hawakuwa wakihesabu medali za Kenya. Walikuwa wakimfuata mtu mmoja ambaye maisha yake wanayajua.

Lipo jambo jingine ambalo sipendi kulikwepa. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 dhidi ya USM Alger ya Algeria, na Simba ilipofika fainali hiyohiyo mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane ya Morocco, wapo Watanzania waliofurahi kuona mtani wao akilikosa kombe. Hiyo nayo ni furaha ya mshabiki. Inawaka haraka, inahitaji mtu wa kumzomea kijiweni, na huzima mara tu mtani akiamua kukaa kimya. Siilaani, kwa kuwa utani ni sehemu ya mapenzi hayo, ila naiona ya daraja la pili. Katika mbio za Tokyo hakuna Mtanzania aliyemtakia Petros mabaya, na wengi tulimwonea huruma yule mtu aliyejitupa mstarini akakosa kwa sekunde 0.03, huku huruma hiyo haipunguzi furaha yetu hata kidogo.

Kutokana na haya naona pia kwa nini furaha ya siku ile haikugawanywa sawa. Aliyekumbuka kwamba Simbu alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, na kwamba Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston, alipokea fungu kubwa kuliko aliyelisikia jina lake kwa mara ya kwanza asubuhi ile, wakiwamo waheshimiwa kadhaa waliowahi kutuma salamu za pongezi mapema sana. Sina ugomvi na wageni hao. Walifurahi walichoweza.

Kinachobaki ni Olimpiki. Tanganyika ilipeleka wanariadha kwa mara ya kwanza mwaka 1964, katika jiji hilohilo la Tokyo, na tangu wakati huo dhahabu haijapatikana. Michezo ya Los Angeles itafanyika mwaka 2028, Simbu akiwa na miaka 36, umri ambao watu wenye busara watasema ni mkubwa kwa mbio za namna ile. Eliud Kipchoge alikuwa na miaka 36 aliposhinda marathoni ya Olimpiki huko Sapporo mwaka 2021. Hoja hiyo haimshawishi mtaalamu yeyote wa riadha, ila kwangu inatosha kabisa kuanza kuchangia upya.