Utani Usiomjua Mtani Wake

Kila anapokamatwa mtu kwa maneno au picha aliyoweka mtandaoni, naye akajitetea kwamba alikuwa anatania, mjadala hugawanyika kwa namna ile ile. Wapo wanaosema utani ni utani, na anayechukia aache kusoma. Na wapo wanaosema siku hizi utani umekuwa kichaka cha kujifichia matusi, uzushi na chuki. Naona pande zote mbili zina hoja nzito kuliko zinavyokiriana, lakini zote mbili hulipita swali moja ambalo wazee wetu wangeliuliza kwanza: huyu anayecheka na yule anayechekwa wanadaiana nini?

Kwa Tanzania swali hilo lina historia. Wachaga na Wapare ni watani, Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo, na Wahehe na Wangoni ni watani ingawa mababu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, au pengine kwa sababu hiyo hasa. Mpare atadai kwamba ukitaka kuhakikisha Mchaga amekufa kweli, udondoshe sarafu karibu na sikio lake. Mchaga naye atakumbusha ubahili wa Wapare na mapenzi yao ya kesi. Hakuna anayekimbilia polisi. Kila upande una haki sawa ya kurudisha kombora, na wote wanajua mpaka ulipo.

Lakini kilichoulinda utani huo zaidi ni wajibu ulioambatana nao, na wajibu huo huonekana vizuri zaidi msibani. Mtani hufika mapema, akavaa shati la marehemu, akaiga anavyotembea na anavyokohoa kabla ya kukopa hela, mpaka mjane anacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Wakati mwingine hushuka kaburini na kugoma kutoka hadi apewe chochote. Huyo huyo, hata hivyo, ndiye anayechota maji, anayesaidia kuchimba kaburi na anayewasimamia waliofiwa wanapokosa nguvu. Ana ruhusa ya kukudhihaki kwa sababu siku yako ikifika atakuzika.

Wanaotetea uhuru wa utani mtandaoni wana ushahidi wa kutosha kwamba desturi hii haikufa, imehamia kwenye simu. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5-1, na kwa siku kadhaa ilikuwa vigumu kufungua simu bila kukutana na kiganja cha vidole vitano kimebandikwa mahali pasipotarajiwa. Wana Simba waliitwa makolo, nao wakawakumbusha wana Yanga, wanaowaita utopolo, mabao 5-0 ya mwaka 2012 na 6-0 ya mwaka 1977, kwa sababu shabiki wa kweli huweka kumbukumbu kama karani wa mahakama. Watu wanaofanya kazi ofisi moja walitukanana usiku kucha na asubuhi wakaagiza chai pamoja. Mtu asiyejua uhusiano uliopo angeyasoma maneno yale akadhani kuna vita.

Watetezi hao wana hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Maoni ya kila siku, yale ya bei ya nyanya, foleni ya barabarani na umeme uliokatika katikati ya mpira, hayana mahali pengine pa kwenda. Mtu hawezi kuitisha mkutano wa waandishi wa habari kulalamika kwamba daladala limemshusha kabla ya kituo. Ataandika sentensi mbili za kuchekesha, na watu wengi waliofanyiwa vivyo hivyo watajitokeza. Kicheko hapo hukusanya ushahidi ambao lalamiko la kawaida lisingeukusanya. Na mara nyingine hufika mbali. Julai 2015, siku chache kabla ya Rais Barack Obama kuzuru Nairobi, CNN iliielezea Kenya kama kitovu cha ugaidi. Wakenya waliijibu kwa kejeli kwenye Twitter, chini ya alama ya #SomeoneTellCNN, na mwezi uliofuata kiongozi wa ngazi ya juu wa shirika hilo alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Sidhani kama barua ya kibalozi ingefanya kazi hiyo kwa haraka kiasi hicho.

Sasa upande wa pili, ambao mara nyingi hudharauliwa kana kwamba ni wa watu wasiojua kucheka. Hoja yao ni kwamba simu imeubeba utani na kuwaacha watani nyuma. Kichekesho kinachotumwa kwenye grupu la watu thelathini waliosoma pamoja kina historia nzima nyuma yake: nani alilia siku ya mtihani, nani aliachwa na nani. Kikisambazwa kwenda grupu jingine, jina la aliyekituma linabaki nyuma, aliyelengwa hajulikani, na vicheko vilivyokifuata havisafiri nacho. Kinamfikia mtu wa kumi kikiwa dhihaka tupu juu ya kabila, ulemavu au sura ya mtu. WhatsApp yenyewe iliiona hatari ya usambazaji: Januari 2019 ilipunguza duniani kote idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mara moja ikawa matano, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukaruhusiwa kwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa kila mara. Hatua hizo hupunguza kasi, lakini hazizuii mtu kupiga picha ya skrini.

Kwa Wakenya jambo hili lina kumbukumbu chungu. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, jumbe fupi za simu zilibeba chuki za kikabila, na ilikuwa katika hali hiyo Bunge lilipotunga Sheria ya Mshikamano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Mtu aliyepitia kipindi kile anaposita kucheka mzaha juu ya kabila fulani hana tatizo la ucheshi. Anajua kwamba mzaha wa Jumatatu unaweza kupangiwa kazi nyingine Ijumaa.

Halafu kuna mtu binafsi, hasa mwanamke, ambaye picha yake ya harusini au ya sokoni imechukuliwa bila idhini na kuwekewa maneno. Hapa sioni hoja ya upande wa kwanza inayosimama. Wanaomcheka hawamjui, hawana la kumfanyia akifiwa, wala yeye hana pa kurudishia kombora. Kuwaita hao watani ni kuwapa heshima wasiyoifanyia kazi.

Ingekuwa rahisi basi kuhitimisha kwamba utani wa ana kwa ana ni mwema na wa mtandaoni ni mbaya, na wengi huhitimisha hivyo. Sikubaliani nao. Grupu la ukoo linalorushiana stika za kejeli asubuhi ndilo linalochangishana rambirambi jioni, na mweka hazina wake anaweza kukutajia nani ametoa na nani anasuasua. Wajibu umo mle mle ndani ya simu. Kwa hiyo mstari haupiti kati ya mtandao na kijiwe cha kahawa. Unapita kati ya watu wanaodaiana jambo na umati usiodaiwa chochote. Kijiwe nacho kinaweza kumsimanga mpita njia asiye na mtu wa kumtetea.

Sheria zetu hazijauona mstari huo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018, zile zilizomtaka mwenye blogu alipe takriban shilingi milioni 2.1 katika ada za maombi, leseni na mwaka, zilipiga marufuku pia maudhui yanayosababisha kero. Lakini utani usiomkera mtu hata kidogo ni salamu tu. Kanuni iliyoandikwa hivyo haiwezi kutenganisha kero ya shabiki aliyefungwa matano na kero ya binti aliyedhalilishwa, na kwa kuwa haiwezi, utekelezaji wake hufuata nguvu ya aliyekereka. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka mitatu, kwa kumwita Rais John Magufuli bwege kwenye Facebook. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaa kwa video yake akiicheka picha ya zamani ya Rais aliyevaa suti inayompwaya. Alipofikishwa mahakamani, mashtaka yalihusu usajili wa laini ya simu. Nchini Kenya mchoraji Gideon Kibet, maarufu kama Kibet Bull, aliyekuwa akimchora Rais William Ruto kwa kivuli cheusi bila hata kuonyesha uso, alitoweka Desemba 2024 na kuonekana tena Januari 2025.

Mtetezi wa sheria anaweza kunigeuzia kipimo changu: raia anayemcheka Rais naye hana wajibu wowote kwake, basi kwa nini yeye asamehewe? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba hapo deni liko upande wa pili. Kiongozi anadaiwa maelezo na mamilioni ya watu, ana jukwaa, ana wasemaji, na mara nyingi yeye mwenyewe hutania wananchi mikutanoni huku wakipiga makofi. Kombora analo, na ana mahali pa kulirushia. Binti wa picha ya sokoni hana hata kimoja kati ya hivyo.

Wanaosimamia magrupu na majukwaa, nionavyo, wako karibu zaidi na haki hii kuliko mahakimu. Msimamizi mzuri huacha mashabiki warushiane vijembe, huifuta picha ya mtu asiyejulikana kabla haijafikisha saa moja, na humwambia aliyeituma aeleze anamfahamu vipi mhusika. Kazi hiyo haina malipo na humletea lawama, na wapo wasimamizi wanaoitumia kuwanyamazisha wasiowapenda. Hata hivyo makosa yao hurekebishika kwa mtu kujitoa na kufungua grupu jingine, jambo ambalo hukumu ya miaka mitatu haina. Polisi wabaki na vitisho vya kweli, uchochezi wa kushambulia watu, na kesi za wanaodhalilishwa pale wao wenyewe wanapolalamika.

Kipimo hiki hakimalizi kila kesi. Novemba 2024 mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya alishtakiwa kwa kuweka mtandaoni picha iliyodaiwa kuonyesha jeneza la Rais. Mtani wa Kihehe angemlaza Mngoni kwenye jeneza bila kupepesa macho, lakini mtani huyo anajulikana kwa jina, na kesho yake yuko pale. Picha ya jeneza kutoka kwa mtu asiyejulikana inaweza kweli kusomwa kama tishio na mlinzi ambaye kazi yake ni kushuku. Ningemruhusu mlinzi huyo aulize maswali yake, hata usiku huo huo. Akishabaini kwamba mwenye picha ni kijana mwenye simu na hasira, asiye na silaha wala mpango, sioni sababu ya jalada lile kuendelea hadi kwa mwendesha mashtaka.