American Gods: kosa lilikuwa kumwacha Anansi

Anayetaka kujua tamthilia ya American Gods ilikuwa na uwezo gani aanze na sehemu ya pili ya msimu wa kwanza. Ni mwaka 1697, ndani ya meli ya watumwa. Mfungwa mmoja aliyetiwa minyororo anamlilia Anansi, buibui mjanja wa ngano za Waakan wa Afrika Magharibi. Anansi anakuja kweli, amevaa suti ya rangi kali, na badala ya kuwafariji anawaeleza bila kuficha yanayowangoja huko waendako, wao na vizazi vyao kwa miaka mia tatu. Akimaliza, wanaitia meli moto wakiwa humohumo. Orlando Jones aliigiza kwa hasira iliyo hai mno. Sijaona kwenye televisheni mungu aliyezungumza na watu wake hivyo.

Tamthilia ilianza kuonyeshwa na Starz, kituo cha televisheni cha Marekani, mwaka 2017, ikitokana na riwaya ya mwaka 2001. Wazo lake ni kwamba kila aliyefika Marekani, kwa hiari au kwa pingu, alikwenda na mungu wake, na mungu asiyepewa sadaka hudhoofika. Odin, mungu mkuu wa Skandinavia ya kale, kwa jina la Bwana Wednesday, anazunguka nchi nzima kuwakusanya wakongwe wenzake wapigane na miungu wapya wa televisheni na kompyuta.

Hadithi fupi za wahamiaji ndizo zilizonikamata. Salim, kijana kutoka Oman, anashinda New York akihangaika kuuza vikorokoro vya shemeji yake, na ofisini anakokwenda hakuna anayemsikiliza. Jioni anapanda teksi, dereva anavua miwani, macho yanawaka moto: ni jini. Wanaongea Kiarabu, wanapendana usiku ule, na asubuhi jini ametoweka akimwachia Salim teksi yake. Sisi tuliokulia Pwani tukisikia habari za jini mahaba tunajua habari hizo husimuliwa kwa hofu, na mwenye jini hupelekwa kwa mganga. Hapa jini ni mgeni mchovu aliyechoka kuendesha gari ugenini. Upole ule ulinigusa sana.

Udhaifu? Shadow, mhusika mkuu, muda mwingi anaburutwa tu, anauliza maswali na hajibiwi. Ila dosari kubwa zaidi ilitoka nje ya hadithi. Bryan Fuller na Michael Green, walioijenga, waliondoka baada ya msimu wa kwanza. Gillian Anderson, aliyekuwa mungu wa televisheni mwenye sura nyingi, naye akaondoka. Msimu wa pili, wa 2019, ukawa safari ndefu za gari kuelekea vita visivyofika.

Kisha Desemba 2019 Jones akatangaza hadharani kwamba ameachishwa. Watayarishaji walijibu kuwa sehemu ya riwaya iliyokuwa inafuata haina mhusika wake. Jibu hilo silikubali. Msimu wa kwanza ulipata nguvu kwa kuthubutu kuongeza mambo ambayo riwaya haikuwa nayo, na Bilquis, malkia wa Sheba aliyeigizwa na Yetide Badaki, alikua kuliko alivyokuwa kitabuni. Kwa nini Anansi anyimwe nafasi hiyo?

Msimu wa tatu uliwaleta oricha, yaani miungu wa Wayoruba, na kila walipotokea hadithi ilipata uhai. Walipewa muda mfupi mno. Machi 2021 Starz ikaifuta tamthilia baada ya sehemu 26, Shadow akiwa amening'inizwa mtini, na vita tulivyoahidiwa tangu mwanzo havijapiganwa.