Nionyesheni Farasi Kwanza, Mkeka Baadaye

Wiki iliyopita nilimfuata mdogo wangu kwenye kibanda cha kubeti huko Manzese. Ukutani kuna skrini, farasi wa kompyuta wanakimbia, vijana wamesimama wanapiga kelele: "Namba nne! Namba nne!" Nikamwuliza aliyekuwa jirani yangu, huyo namba nne anaitwa nani? Akabaki kunishangaa. Kabla hajajibu mbio zikaisha, mkeka wake, yaani tiketi yake ya kubeti, ukachanika, na mbio nyingine zikaanza. Farasi hapumui, hana saisi wa kumtunza, hana mama wala baba. Hivyo ndivyo mji mzima unavyotambulishwa kwa mchezo ninaoupenda.

Imeniuma. Dar hatuna uwanja wa mbio za farasi, na mimi uwanja ninaoujua ukanda huu ni wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa 1954. Kwetu mbung'o na ugonjwa wa ndorobo viliwamaliza wanyama wa mizigo tangu enzi za misafara, ndiyo maana bidhaa zilibebwa vichwani mwa watu. Kwa hiyo shabiki mpya wa hapa hana babu wa kumsimulia farasi. Atakachoonyeshwa mwanzo ndicho atakachokiamini, na sisi tunamwonyesha kamari.

Mimi ningemwonyesha Michelle Payne, mpanda farasi wa Australia. Mtoto wa mwisho kati ya kumi, mama yao alifariki kwa ajali ya gari yeye akiwa na miezi sita tu, baba akawalea peke yake. Mwaka 2004 alianguka na farasi akavunjika fuvu la kichwa. Akapona, akarudi kupanda. Mwaka 2015 akaingia Melbourne Cup, mbio kubwa za farasi za Australia, mita 3,200, farasi 24, juu ya Prince of Penzance, farasi aliyepewa nafasi ya 100 kwa 1, yaani karibu hakuna aliyetegemea ashinde. Saisi wa farasi huyo alikuwa kaka yake Stevie, aliyezaliwa na Down syndrome, hali inayochelewesha ukuaji wa akili, na ndiye aliyechaguliwa kwenda kuokota namba ya geti la kuanzia. Akaokota namba moja. Michelle akashinda, mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo tangu zianze 1861. Niambie, ni kijana gani wa Manzese atakayesikia habari ya dada na kaka hao halafu aseme mchezo huu haumhusu?

Na farasi mwenyewe anatosha kumvuta mtu. Siku ya Simba na Yanga nimeona farasi wa polisi nje ya Uwanja wa Mkapa, jasho limempauka shingoni kama chumvi, masikio yanageuka kila vuvuzela inapolia. Watoto waliovaa jezi waliacha kusukumana mlangoni wakamzunguka kimya. Hakuna aliyewaambia wamtazame.

Wakubwa watasema bila kubeti hakuna mbio. Nakubali kwa shingo upande kwamba katika nchi nyingi pesa hiyo ndiyo inayolipa zawadi na mishahara ya masaisi. Lakini waulizeni wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Dubai. Dubai World Cup ilianza 1996 na imekua hadi kuwa miongoni mwa mbio kubwa duniani bila madirisha ya kubeti uwanjani.

Jambo jingine, tusimfiche mgeni vifo. Mwaka 2019 farasi zaidi ya 30 walikufa kwenye uwanja wa mbio wa Santa Anita, Marekani, na kelele za watu ndizo zilizosaidia kuleta sheria mpya ya usalama mwaka uliofuata. Uingereza tangu 2023 mpanda farasi haruhusiwi kupiga fimbo zaidi ya mara 6 kwenye mbio za tambarare, zile zisizo na viunzi vya kuruka. Kwangu bado ni nyingi. Ila shabiki aliyeambiwa ukweli ndiye atakayebaki kudai zipungue.

Melbourne Cup hukimbiwa Jumanne ya kwanza ya Novemba, na kwa saa za kwetu ni kama saa 1 asubuhi, watu wamekwama kwenye foleni ya Ubungo na redio zimewashwa. Mbio zenyewe hazifiki dakika nne. Redio za Dar zina watangazaji wa mpira wanaoweza kukusimulia kona ukaiona. Mpeni mmoja wao dakika hizo nne, na kabla ya hapo apewe majina ya farasi, ya wapanda farasi na ya masaisi. Atangaze kwa Kiswahili, na asitaje dau hata moja.