Nilipochukua Nafasi ya Gunia la Mtama

Shemeji yangu alitumia miaka minne kuunda ndege ya viti viwili katika banda la kuhifadhia zabibu huko Hombolo, na kabla ya kumpandisha binadamu yeyote aliirusha mara kadhaa akiwa amefunga gunia la mtama la kilo 90 kwenye kiti cha nyuma. Gunia lile lilikwenda na kurudi salama safari zote. Mwezi Septemba mkewe alilipeleka mashineni kusaga, bila kujua kwamba anasaga abiria mwenye uzoefu, nami nikaombwa kuchukua nafasi yake kwa kuwa uzito wetu ulikaribiana.

Kupaa hakukuwa na neno. Tuliliona bwawa liking'aa chini yetu, nikafikia hata kulihurumia gunia kwa kutokuwa na macho.

Kiwanja chetu ni kipande cha ardhi kilichofyekwa kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa sababu ndivyo mpaka wa shamba unavyokwenda, ilhali upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi huvuma kutoka mashariki na haujali mpaka wa mtu. Isitoshe, tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ya saa tisa alasiri ni nyepesi, hivyo kipimamwendo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, ndege yenyewe inakimbia karibu 87. Hayo yote shemeji alinieleza kwa kupiga kelele kuishinda injini, tukiwa tumebakiza kama mita 30 kufika chini, wakati ambao mimi, mwalimu wa hesabu, sikuwa na hamu ya hesabu hata moja.

Tuligusa ardhi, tukarushwa, tukagusa tena. Katika kutafuta pa kujishikiza niliona karibu na miguu yangu vyuma viwili vilivyovishwa vipande vya tairi kuukuu, nikamshukuru fundi kwa kumfikiria abiria mwoga, kisha nikavikanyaga kwa nguvu zangu zote, mguu wa kulia ukizidi wa kushoto.

Hapo mkia ukaamua kutangulia. Ndege yenye gurudumu dogo mkiani hubeba uzito wake mwingi nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ikianza kupinda kidogo tu, uzito huo huizidishia kupinda, kama tela linaloisukuma trekta kwenye mteremko. Tulizunguka kuelekea kulia, bawa la kushoto likachora mstari mrefu vumbini, tukaingia shamba la zabibu la jirani na kusimama tukiwa tumetazama tulikotoka. Ncha moja ya propela ya mbao ilikuwa imekatika. Kwenye ncha iliyobaki kilining'inia kishada cha zabibu, kizima kabisa.

Mwenye shamba, mzee wa Kigogo, alikuja taratibu akiwa na kisu chake cha kuvunia.

"Mbukwenyi," alisema. Tulipomwamkia, akauliza kwa upole kama tunanunua kwa kilo au kwa tenga. Kisha akahesabu mizabibu iliyolala, akapata sita, akarudia kuhesabu, akapata saba.

Kwa siku mbili shemeji alilala chali chini ya ndege akikagua springi ya gurudumu la mkia, boliti na nyaya za usukani, nami nikimmulikia tochi. Hakuona kasoro yoyote, na jambo hilo lilimnyima raha kuliko hasara yenyewe. Jioni ya pili alitoka uvunguni na kufuta mikono.

"Shemeji, wakati tunatua, miguu yako ulikuwa umeiweka wapi?"

Nikamsifu kwa vile vyuma vya kukanyagia. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Zile ni pedali za usukani," alisema. "Zimeunganishwa na zangu."

Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu, ila nilimsikia akinong'ona, kama mtu anayemkumbuka marehemu, kwamba gunia halikuwa na miguu.

Jumamosi iliyofuata nililipa mizabibu saba na kununua gunia jingine la mtama. Mkewe akaliandika kwa mkaa, kwa herufi kubwa: ABIRIA.