Tafakari ya Kuongozwa: Nani Anaongoza, na Ananyamaza Lini?

Zipo sasa rekodi za sauti, nyingine kwa Kiingereza na nyingine kwa Kiswahili, ambazo Wakristo wa Mbeya, Iringa na Njombe wanatumiana kwa simu na kuzifanya sehemu ya sala zao. Msikilizaji hujifungia chumbani, huweka spika masikioni, hufumba macho, kisha huifuata sauti inayomwelekeza apumue taratibu, alegeze mabega, ajione amesimama langoni pa ngome, aingie chumba kimoja baada ya kingine, na hatimaye afike katika chumba cha katikati ambako Mungu anamngojea. Watungaji wake husema wamechota kwa wamistiki wa Kikristo, yaani watu waliotafuta kuungana na Mungu kwa sala ya ndani, hasa Teresa wa Avila, mtawa Mkarmeli wa Hispania aliyeandika mwaka 1577 juu ya roho kama ngome yenye makao saba. Wapo waumini wanaozipokea kwa shukrani, na wapo wachungaji wanaozikemea kuwa ni mlango wa mapepo. Kwa maoni yangu, ubishi huu umeelekezwa pasipo mahali pake. Kimya hakina kosa, na kuongozwa katika sala hakuna kosa. Kinachostahili kuchunguzwa ni ile sauti inayoongoza: inamjua nani, inaahidi nini, na inanyamaza wakati gani.

Hoja kwamba jambo hili ni geni haina nguvu kubwa. Mkatoliki wa Iringa ambaye kila Ijumaa ya Kwaresima hufuata Njia ya Msalaba amekuwa akifanya tafakari ya kuongozwa tangu utotoni: kuna vituo 14, kuna kiongozi anayesoma, kuna tukio la kutazamwa kwa macho ya moyo, na kuna mwili unaopiga magoti na kusimama. Rozari ni vivyo hivyo. Kila tendo linatangazwa, inatajwa neema ya kuombwa, kisha midomo inaendelea na Salamu Maria huku akili ikibaki kwenye tukio. Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yalichapishwa mwaka 1548 kwa idhini ya Papa Paulo III, aliyapanga mambo hayo katika utaratibu wa majuma manne, akimtaka mwenye kusali aitazame kwa fikra barabara ya kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu, urefu wake na upana wake, kama ni tambarare au inapita mabondeni na vilimani. Mtu aliyezaliwa Makete hahitaji msaada mkubwa ili kuiwaza barabara ya namna hiyo.

Kwa upande wa Waprotestanti husikika mara nyingi kwamba tafakari ni mambo ya Kikatoliki. Walutheri na Wamoravian wa nyanda hizi, ambao mizizi yao inarudi mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wa Herrnhut, kitovu cha Wamoravian huko Ujerumani, walipoingia katika nchi ya Wanyakyusa, wana sababu ya kulifikiria upya dai hilo. Martin Luther mwenyewe alimwandikia kinyozi wake mwaka 1535 akimfundisha namna nyepesi ya kusali: achukue amri moja ya Mungu, aitafakari kama fundisho, kama shukrani, kama ungamo na kama ombi, na ikiwa katikati ya hayo Roho Mtakatifu ataanza kuhubiri moyoni mwake, basi aache maneno yake mwenyewe na asikilize. Wamoravian wana desturi ya neno la kila siku iliyoanza Herrnhut mwaka 1728, nayo haikukusudiwa kusomwa haraka mtu akiwa anatafuta viatu vyake. Tena, kule Imiliwaha mkoani Njombe, masista Wabenediktini wamewekwa chini ya Mtakatifu Gertrude wa Helfta, mmistiki wa Ujerumani aliyeandika mazoezi ya kiroho zaidi ya karne mbili kabla ya Inyasi. Safari ya ndani ya roho, kwa hiyo, haikuletwa na simu.

Wanaoitetea tafakari hii wana hoja nyingine iliyo nzito zaidi kuliko ya historia. Ibada zetu zimejaa sauti. Kwaya, vyombo, vipaza sauti, matangazo, harambee, mahubiri marefu na maombi ya pamoja ambayo kila mtu huyatoa kwa sauti yake yote. Yote hayo yana nafasi yake, na mtu aliyewahi kufiwa anajua faraja ya kulia katikati ya watu wanaolia. Hata hivyo, inawezekana kabisa mtu akahudhuria kanisa maisha yake yote, akakesha mikesha isiyohesabika, na asipate hata robo saa ya kukaa mbele za Mungu bila kusema wala kusemewa. Yesu aliagiza: “ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini.” Ikiwa rekodi ya simu ndiyo iliyomwezesha mfanyabiashara wa Mwanjelwa kufunga mlango huo kwa mara ya kwanza, ni vigumu kumwambia kwamba amefanya vibaya.

Wapinzani nao hawastahili kudharauliwa. Hoja yao yenye nguvu inatoka katika Mathayo 12, mahali ambapo pepo aliyetoka anarudi na kuikuta nyumba “tupu, imefagiwa na kupambwa,” kisha anaingia pamoja na wengine saba walio waovu kuliko yeye. Kuifagia akili na kuiacha wazi, wanasema, ni kumkaribisha asiyealikwa. Mtu anaweza asikubaliane nao kuhusu mapepo, lakini swali lao linabaki: nyumba ikishafagiwa, anaingia nani? Baadhi ya rekodi zinazojiita za Kikristo huzungumzia mwanga, nguvu na amani kuanzia mwanzo hadi mwisho pasipo kumtaja Kristo hata mara moja, na hapo mchungaji anayekemea yuko karibu na Teresa kuliko anavyodhani. Teresa alikutana na vitabu vilivyofundisha kwamba mtu aliyepiga hatua katika sala auache ubinadamu wa Kristo, yaani mwili wake, maisha yake na mateso yake, ili ainuke kwenda kwenye mambo ya kiroho tupu. Alilipinga jambo hilo katika kitabu cha maisha yake, akalipinga tena katika makao ya sita ya ngome. Kwake yeye hakuna chumba, hata kilicho ndani kabisa, ambamo Yesu wa Injili anakuwa mzigo wa kuachwa mlangoni.

Kanisa Katoliki lenyewe lilitoa tahadhari mwaka 1989 katika barua juu ya tafakari ya Kikristo iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger. Barua hiyo haikatai mbinu za mwili wala haipuuzi yale mema yanayoweza kupatikana katika mapokeo mengine. Inachokataa ni kuuchukua utulivu na joto linaloletwa na zoezi la mwili na kuliita faraja ya Roho Mtakatifu. Hili ni onyo la msingi, kwa sababu mtu akipumua polepole kwa dakika kadhaa atatulia, awe anasali au hasali.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watungaji wengi wa rekodi hizi. Teresa alieleza hatua za sala kwa mfano wa bustani inayomwagiliwa kwa njia nne: maji ya kisima yanayotekwa kwa ndoo, maji yanayopandishwa kwa gurudumu, maji ya mto au kijito, na mwishoni mvua. Mkulima wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wa Njombe au Kilolo angemwelewa bila mkalimani. Ndoo ni kazi ya mtu, mfereji unapunguza kazi, lakini mvua haimtii mwenye bustani hata kidogo. Mbinu yoyote ya kutafakari, iwe ya kupumua, ya kuwaza picha au ya kurudia neno, ni kazi ya ndoo, na ni kazi ya heshima. Kosa linaanza pale rekodi inapomwahidi msikilizaji kwamba mwisho wa nusu saa atakuwa ndani ya chumba cha saba. Teresa anafunga kitabu chake kwa kusema kinyume cha hayo: makao mengi ya ngome hayaingiwi kwa nguvu ya mtu, Bwana wa ngome ndiye anayeingiza, na ni afadhali kutolazimisha mlango. Anayetumia ramani yake na kulifuta onyo hilo amechukua jina lake tu.

Tena Teresa alikuwa na ukali wa kiasi ambao unatufaa sana sisi tunaopenda kufunga na kukesha. Katika makao ya nne anawazungumzia watawa wenye afya dhaifu ambao, kwa kufunga, kukesha na kusali muda mrefu, hulegea mwili na kuzubaa kwa saa nyingi, nao hudhani wamenyakuliwa rohoni. Dawa anayoiagiza ni kula, kulala na kupunguziwa saa za sala. Sijawahi kuisikia rekodi yoyote ikimwambia msikilizaji wake aizime akale ugali.

Rekodi haiwezi kusema hivyo kwa sababu haimwoni anayeisikiliza. Inyasi aliwaagiza wanaotoa Mazoezi wasimulie tukio la Injili kwa ufupi na kwa uaminifu, ili mwenye kusali agundue kitu mwenyewe, kwa maana kinachoishibisha roho ni kuyaonja mambo kwa ndani, wala si wingi wa maarifa. Akawaonya pia wasimsukume mtu upande wowote, wakae katikati kama mizani na kumwacha Muumba ashughulike moja kwa moja na kiumbe wake. Teresa aliumizwa kwa miaka na waungamishi wenye elimu nusu, na akapendelea mwongozaji aliyesoma vizuri hata kama hakuwa na uzoefu mkubwa wa sala. Yohane wa Msalaba, Mkarmeli mwenzake Teresa, aliwalaumu vikali viongozi wa kiroho wanaoendelea kumtwisha mtu mawazo na picha wakati ambapo Mungu amekwisha kumleta kwenye kimya. Wote watatu walifahamu kwamba kazi ya mwongozaji ni kusikiliza kuliko kusema. Katika rekodi nyingi nilizozisikia, muziki haukatiki, sauti haipumziki, na kimya kirefu kuliko vyote ni kile kinachotangulia tangazo la biashara.

Kutosikiliza huko kunaweza kuleta madhara halisi katika eneo letu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 uliiweka Njombe juu ya mikoa yote nchini, kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU, na Iringa na Mbeya ziko miongoni mwa zinazoifuata. Ni nyumba chache ambazo hazikuzika kijana au hazikulea yatima. Sauti laini inapomwambia msikilizaji, “rudi utotoni, mwone aliyekupenda akikujia akitabasamu,” haijui kama inasema na mtu aliyelelewa na mama yake au aliyemuuguza mama huyo akiwa na miaka minane. Huyu wa pili anaweza kulia machozi ya kuponya. Anaweza pia kufunguka jeraha usiku, peke yake, na hana wa kumwita. Mwongozaji aliye hai angeona uso ukibadilika, angesimamisha zoezi, na kesho yake angepita nyumbani kumjulia hali.

Najua jibu la wanaozitetea rekodi, na ni jibu la haki: mwongozaji huyo aliye hai yuko wapi? Katika vigango vya mbali vya Ludewa au Makete padre hafiki kila Jumapili, mchungaji mmoja ana mitaa mingi, na nyumba za mafungo ziko mbali na nauli ni kubwa. Kumwambia muumini wa huko asubiri mwongozaji aliyesoma ni sawa na kumwambia asisali kabisa. Lakini katekista au mwinjilisti yupo, na anaaminika. Akiisoma Injili ya Jumapili mara mbili polepole katika jumuiya, akaacha dakika kumi za kimya, kisha akawauliza watu neno gani limewagusa, atakuwa ametoa tafakari ya kuongozwa iliyo karibu na mapokeo ya kale kuliko rekodi yenye sauti za ndege na vinanda.

Kuhusu rekodi zenyewe, nisingezikataza. Ningekubali ile ambayo mtungaji wake anajulikana na anawajibika kwa kanisa fulani, inayoanza na maneno ya Injili, inayoacha nafasi ndefu bila kuzijaza, na isiyomwahidi mtu hali yoyote ya roho. Kipimo cha mwisho, kwa Teresa, kiko nje ya chumba cha sala: katika makao ya saba anasema kwamba shabaha ya muungano na Mungu ni kuzaa matendo, na kwamba Martha na Maria lazima waende pamoja. Ugumu ni kwamba matendo huchukua miaka kuonekana, ilhali halmashauri ya parokia au baraza la wazee linaulizwa leo kama vijana waruhusiwe kuzitumia rekodi hizo. Wakatoliki wanaweza kuwatuma kwa masista na watawa, ingawa wengi wao hawakuandaliwa kwa kazi hiyo. Kwa Walutheri na Wamoravian hakuna hata ofisi inayomtambua mtu kuwa mwongozaji wa sala ya kimya, na makanisa hayo hayajaamua kama yanataka kuwa nayo.